Maswali ya Afya: "Nikianza mazoezi sifikishi wiki tatu"

SWALI: Habari zenu wataalamu. Nina miaka 38 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Mwaka huu nimeanza mazoezi mara 4. Naamka saa 11 alfajiri, nakimbia nusu saa kila siku. Ikifika wiki ya pili miguu inauma upande wa mbele, chini ya goti. Napumzika siku moja, mbili, basi ndiyo imetoka hiyo. Nyumbani wananiita mvivu. Nifanyeje nisikate tamaa?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Dada yetu, mvivu haachi kitanda saa 11 alfajiri, tena akarudia mara 4. Tatizo lako ni dozi. Mwili uliozoea kiti umeubebesha mbio za dakika 30, siku 7 kwa wiki. Moyo na pumzi huzoea upesi. Mifupa na kano huchelewa sana. Ndiyo maana muundi unalalamika wakati pumzi bado unayo.

Kwanza acha kukimbia mpaka uweze kuubonyeza muundi kwa kidole bila kuumia. Kutembea ruksa, kama hakuumi. Lakini maumivu yakijikusanya mahali pamoja padogo, au yakikuuma hata umelala, nenda hospitali, maana mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa.

Ukirudi, chukua siku 3 tu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tembea dakika 5 kupasha mwili. Kisha kimbia sekunde 60, tembea sekunde 90, rudia mara 8. Maliza kwa kutembea dakika 5. Wiki ya pili kimbia sekunde 90, tembea dakika 2, mara 6. Mwendo uwe wa kuongea: ukipishana na jirani ukashindwa kumaliza "salama, za nyumbani?" kwa pumzi moja, punguza. Utaona ni kidogo mno na utatamani kuongeza. Tunakuomba sana, usiongeze. Hapo ndipo ulipoanguka mara zote 4.

Sasa hizo siku mbili za kupumzika. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 kitendo kuanza kujiendea chenyewe. Wapo waliohitaji siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji zaidi ya 250. Waliokosa siku moja hawakuharibikiwa. Kwa hiyo wewe ulikuwa unaacha kabla hata ya theluthi ya safari, tena kwa kosa lisilo na uzito. Ukikosa Jumanne, fanya Jumatano, usisubiri "nianze upya Jumatatu".

Na usingoje hamu ije. Funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: ukivua viatu vya ofisini, vaa raba kabla hujagusa kochi. Ukishakaa, umeme ukarudi na tamthilia ikaanza, hutoki. Siku ambayo umechoka kabisa, tembea dakika 10 mtaani kwako, uweke alama kwenye kalenda ya ukutani. Mvua za masika zikikuzuia, fanya ndani: kaa na kusimama kitini mara 10, pushapu za kuegemea ukuta mara 10, raundi 3. Kamba iache kwanza, itautonesha muundi.

SWALI: Natembea nusu saa kila siku, mwezi sasa, mizani haijasogea hata kidogo. Naona kama najisumbua bure.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujisumbui. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa anatumia kama kalori 120. Chapati moja ya mafuta inazipita. Uzito huamuliwa zaidi na sahani. Ila dakika 30 kwa siku 5 zinakupa dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kwa mtu mzima, na faida yake kwa presha, sukari na usingizi huja hata mizani ikibaki palepale. Mradi utembee kwa haraka kidogo, si mwendo wa kwenda dukani.

Iweke mizani uvunguni kwa miezi 2, upime vitu vingine. Chagua njia moja, mfano kutoka mlangoni kwako hadi stendi, uandike dakika unazotumia kila Jumapili. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya chai, mara moja kila wiki 2.