Potifolio ya ndege ukiwa Mtwara: bana mada

Mkuu, umesema unataka potifolio (mkusanyo wa picha zako bora), una picha kama 300 za ndege kiwanja cha Mtwara na zote zinafanana. Mada ya "aina za ndege" itakukwamisha, hapo hazitui nyingi. Chukua pangaboi, yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini: ndege ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania inatosha.

Zilizopigwa kwa kasi ya shata (muda kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/1000 ziweke kando, mapanga yameganda utadhani injini imezimika angani. Q400 ina mapanga sita kila injini, na wakati wa kuruka yanazunguka mara 1,020 kwa dakika. Kwa 1/125 kila panga linasogea nyuzi 49 hivi kati ya 60 zilizopo hadi panga linalofuata, duara karibu lijae. Anza na 1/250, fuatisha ndege kwa kugeuza kiuno, si mikono, halafu shusha kasi taratibu kuelekea 1/125. Nyingi zitatikisika, futa. Jua likikulazimisha kubana tundu la lenzi kupita f/11 hata kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga ukiwa chini), funga filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga.

Mchana usihangaike na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 400. Lami ikishachemka hewa inacheza, maandishi ubavuni yanapinda, na hiyo hairekebishiki kwenye kompyuta. Wahi asubuhi.

Mwisho bakiza 12: za karibu (kitovu cha pangaboi, matairi yakigusa lami kwa moshi), chache za mbali zenye minazi au mikorosho ili ijulikane ni Kusini, na wapakia mizigo wakiridhia. Pembe moja isijirudie mfululizo. Kuingia ndani ya uzio, omba kibali kwa meneja wa kiwanja kwa maandishi. Droni hapo sahau.