Taimshea ya pointi au ya wiki ya kudumu? Jibu la mwenye vyote viwili

Mkuu, umeuliza kipi bora kwenye taimshea, yaani kumiliki fungu la muda kwenye nyumba za likizo: pointi unazozibadilisha kwa usiku wa kukaa kwenye hoteli za kampuni, au wiki ya kudumu kwenye chumba kimoja. Kabla hatujalinganisha chochote: kama kweli ule mkataba wa pointi ulisaini Jumamosi pale Orlando, jambo la kwanza ni barua. Sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuuvunja bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu siku uliyosaini au siku uliyopokea nyaraka ya mwisho, ipi ilichelewa. Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Andika namba ya mkataba, majina yenu kama yalivyo mle ndani, sentensi moja kwamba mnaufuta, saini zenu wote wawili, uitume kwa rejista kwenye anwani iliyomo kwenye mkataba na risiti uitunze. Usipige simu. Ukipiga, utaunganishwa na mtu anayelipwa kukubembeleza, na siku zinakwenda. Ukishatuma ndipo tukae tuongee bila presha. Ukiona pointi ndizo zinazokufaa, zipo tele na kwa bei ya chini kuliko hiyo uliyoandikiwa. (Kwa walioko Nevada ni siku 5, Ulaya ni 14.)

Kwa wanaoingia sasa: jamaa yuko Minnesota, ana mke na watoto, kauziwa pointi kwenye kikao cha mauzo, na wakati huohuo shemeji yake anataka kumwachia bure wiki yake ya kudumu, wiki ya 26, Daytona Beach. Anauliza kipi bora kati ya hivyo, na anasema angependa watoto wapate mapumziko kila mwaka, ikiwezekana wakati wa Idi.

Mimi ninavyo vyote viwili. Wiki ya 28 ya kudumu Myrtle Beach, South Carolina, na pointi za kampuni moja kubwa. Vyote mtumba.

Ukiuliza wauzaji watakwambia pointi ni uhuru na wiki ya kudumu ni kifungo. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Kinachotofautisha mambo haya mawili ni nani anashika kalenda na nani anapanga bei. Wiki ya kudumu imeandikwa kwenye hati: chumba fulani, wiki namba fulani, mwaka baada ya mwaka. Ada ya mwaka itapanda, hilo haliepukiki popote, lakini hakuna kikao cha wakurugenzi kitakachoamua kwamba wiki yako sasa ina siku tano. Ukinunua pointi umenunua bando. Namba unayoiona inabaki ileile, ila kampuni ndiyo inayosema namba hiyo inakupa nini, na muda ukiisha bando nalo limeisha hata kama hukuligusa.

Kampuni hazifanani, lazima niseme hivyo. Disney, walioanza mpango wao wa pointi mwaka 1991, jumla ya pointi za chumba kwa mwaka mzima hawawezi kuiongeza. Wanaweza kuzihamisha tu kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Hiyo ni kinga ya maana, ingawa ukiwa na watoto wa shule na pointi zikahamishiwa kwenye likizo za shule, utaisikia. Kwingine kinga yenyewe haipo, na hata ilipo, kampuni ikijenga hoteli mpya inaipangia jedwali lake jipya, la juu. Pointi zako zinazokupa wiki nzima kwenye jengo la zamani zinakupa siku nne kwenye jipya. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo mkataba unavyosema, ukurasa ambao hakuna mtu alikufungulia pale mezani.

Sasa wiki ya kudumu, maana wengi wanaizungumzia bila kuwahi kuishi nayo. Kalenda nyingi zinahesabu wiki ya 1 kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Januari. Kwa hiyo wiki ni ya kudumu kwa namba, tarehe zake zinateleza. Chukua hiyo ya shemeji yako. Wiki ya 26 mwaka 2023 ilianza Julai 1, 2024 ilianza Juni 29, 2025 ilianza Juni 28. Zote zimebeba Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, siku ambayo ufukwe wa Florida hupati hata pa kuegesha gari, sembuse chumba. Mwaka 2026 inaanza Juni 27, yaani fataki zinapigwa usiku wa siku uliyorudisha funguo asubuhi. Mwaka 2027 inaishia Julai 3, mwaka 2028 inaishia Julai 1. Mwaka 2028 una wiki 53, hesabu inajirekebisha, na 2029 inaanza tena Juni 30. Anayekuuzia wiki kwa jina la sikukuu mwambie akuonyeshe kalenda ya miaka kumi mbele.

Kwenye Idi ndiyo kabisa. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa kalenda hiyohiyo ya Jumamosi, Idi el-Fitri ya 2023 (Aprili 21) iliangukia wiki ya 15, ya 2024 (Aprili 10) wiki ya 14, ya 2025 (Machi 30) wiki ya 13, ya 2026 (Machi 20) wiki ya 11. Hakuna wiki ya kudumu inayoweza kuifuata. Wiki ya 26 ilikaribiana na Idi kubwa mwaka 2023, Juni 28, na haitakutana nayo tena kwa karibu miaka 30. Hapa pointi zinashinda bila ubishi. Tena Idi ya katikati ya juma, watoto wana shule, nani anakwenda wiki nzima? Unataka usiku tatu, Ijumaa mpaka Jumatatu, na pointi zinakatika hivyo. Wiki haikatiki.

Ila uhuru huo una saa yake ya kuamka. Kwa Disney unaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla kwenye jengo lako (lile ulilonunulia pointi), miezi 7 kabla kwenye mengine, na kampuni nyingine zina utaratibu wa namna hiyohiyo kwa miezi tofauti. Nimekaa mezani saa mbili asubuhi, chai inapoa, laptop imefunguliwa, nasubiri dirisha lifunguliwe ili nipate chumba kimoja kinachotazama bahari wiki ya likizo ya shule. Nilipobonyeza, kilikuwepo. Nilipomaliza kuchagua idadi ya watu, hakipo. Wenye pointi wote nchini wamekaa wanatazama chumba kilekile. Mtu anayejua ratiba yake mwaka mzima mapema, pointi zitamtunza. Mtu ambaye bosi anampa likizo wiki mbili kabla atapata vyumba vya Januari na Septemba, vile ambavyo hata asiye na pointi angevipata mtandaoni kwa bei ya kutupa.

Myrtle Beach sina shughuli hiyo. Julai ikifika tunapakia gari, basi. Na kuna kitu hakimo kwenye jedwali lolote: jengo letu lina watu wake wa wiki ya 28. Mzee mmoja wa Pennsylvania, chumba cha pili kutoka chetu, kabla hatujamaliza kushusha mabegi amekwisha kuja na ndoo yake ya chambo kuwachukua vijana wangu gatini. Wanangu wamekua na wajukuu zake, wiki moja kila mwaka. Ghorofa ya chini kuna makabati ya wenye hati; la kwetu lina mwavuli, viti, mbuzi ya nazi na sufuria kubwa la pilau, kwa sababu sufuria za jikoni mle zinafaa kuchemshia mayai. Mke wangu akiambiwa auze wiki hiyo anunue pointi zaidi hata hajibu.

Wengine mtasema wiki unaweza kuibadilisha. Ni kweli. RCI ipo tangu 1974 na Interval International tangu 1976, unaiweka wiki yako kwao unachukua ya mwingine mahali pengine. Lakini uanachama unalipia kila mwaka, kila mabadilishano yanapita dola 200, na thamani ya unachopata inategemea ulichoweka. Wiki ya Julai ufukweni inafungua milango. Wiki ya Februari mahali pa baridi inakupa nyingine ya Februari mahali pa baridi. Mwenye wiki dhaifu afadhali pointi mara kumi. Wala pointi si uvumbuzi wa juzi, Hapimag ya Uswisi ilianza 1963 na wanachama wake hupewa pointi.

Ada. Hapa kuna jambo watu hawalioni mpaka limewakuta. Kimbunga Ian, Septemba 2022, kiliichakaza Fort Myers Beach na Sanibel. Mwenye wiki ya kudumu kwenye jengo lililobomoka mzigo ni wake na wenzake wa jengo hilo: bima, kisha mchango wa dharura kwa kila mwenye hati, au wapige kura wauze kiwanja wagawane kilichobaki. Mwenye pointi zilizomo kwenye mfuko wa hoteli nyingi hashtuliwi kwa namna hiyo, mzigo unasambazwa. Ila unasambazwa kweli, na wewe ambaye hujawahi kukanyaga ufuo ule utalipia paa lake ndani ya ada yako, mwaka huu na ujao, bila kuambiwa ni la nani. Mimi mzigo ninaoujua napenda zaidi. Najua paa letu lilibadilishwa lini, nilihudhuria mkutano wa mwaka ulioamua hivyo, nikapiga kura ya kulalamikia bei ya mkandarasi, nikashindwa. Kwenye pointi kura yangu haina uzito huo, kampuni yenyewe inashikilia nyingi.

Mkopo wa pale mezani sitaki hata kuurefusha: riba yake aghalabu inavuka asilimia 12, na wewe umesema nyumbani kwako riba haiingii. Hilo peke yake lingetosha kuituma barua.

Kuhusu bei, taimshea kwa kampuni na taimshea mtumba ni dunia mbili. Wiki zenye hati zinauzwa eBay kwa dola 1, na wapo wanaolipa gharama za uhamisho juu yake ili wapate wa kuzichukua. Kikundi cha wamiliki cha TUG, tangu 1993, kina ukurasa wa watu wanaogawa bure kabisa. Pointi mtumba nazo zinashuka sana, isipokuwa za Disney ambazo zinashikilia bei kiasi. Uliza kwanza zinapoteza nini zikihama mkono. Disney waliweka sharti mwaka 2019: anayenunua mtumba tangu hapo haingii kwenye majengo yao mapya kuanzia lile la Riviera, na aliyenunua mtumba kwenye Riviera anatumia Riviera tu. Kampuni nyingine zinakunyima daraja la heshima na punguzo zake. Hati ya wiki ya kudumu inapohama inahama nzima, chumba na wiki vilevile. Na tazama tarehe ya mwisho. Hati za mwanzo za Old Key West, jengo la Disney, zinakwisha Januari 2042. Nyingi za wiki hazina mwisho, ambalo si jambo la kusherehekea: ada nayo haina mwisho. Watoto Marekani wanaweza kuukataa urithi huo rasmi, ila waambiwe mapema, wasije wakalipa bili moja kwa heshima ya marehemu na kuonekana wamekubali.

Ukishakuwa na jina kwenye hati, utapigiwa simu na watu wanaodai wana mnunuzi tayari, tuma tu ada ya uhamisho kwanza. Kata simu. Mwaka 2023 Hazina ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa utapeli wa namna hii hasa, na waliolengwa wengi walikuwa wazee.

Kwa hiyo kwako, mkuu. Ukitaka Idi, wiki ya 26 haitakupa Idi, na pointi kwa bei ya kampuni ni ghali mno kwa usiku tatu za Machi. Usiku hizo kodi tu chumba hotelini. Ukitaka wiki ya watoto kila kiangazi, ufukweni, bila kugombania chumba, ya shemeji naiona bora kuliko ulichosaini, mradi nyaraka zake zikae sawa. Mwombe kwa utaratibu, yeye ni mkubwa kwako na asije akaona unamchunguza: bili za ada za miaka mitatu iliyopita, barua ya uongozi wa jengo kwamba hadaiwi, kumbukumbu za mkutano wa mwaka wa mwisho uone kama kuna mchango wa dharura unakuja, na nakala ya hati yenyewe. Angalia kwenye hati kama ni ya kila mwaka au mwaka mmoja unapita, na chumba kinatazama bahari au maegesho. Uhamisho ufanywe na kampuni inayoshughulikia hati za umiliki, usajiliwe kwenye ofisi ya kaunti, msiandikiane karatasi sebuleni. Muulize pia siku ya kuingia. Mimi nimehesabu kwa Jumamosi. Kama jengo lao linaanza Jumapili, wiki ya 26 ya mwaka 2026 inakuwa Juni 28 mpaka Julai 5, na hapo Julai 4 mnayo.