Kina dada wanauliza: wasifukazi, vyeti na hesabu ya mshahara wa kwanza

Nimekaa nyumbani miaka saba nikilea watoto. Kwenye wasifukazi (CV) niandike nini? (Kaptembwo, Nakuru)

Miaka hiyo usiifiche wala usiiombee radhi. Mwajiri akikuta pengo lisilo na maelezo hulijaza mwenyewe, na aghalabu hulijaza vibaya. Mstari mmoja watosha: "2018–2025: malezi ya watoto nyumbani." Chini yake weka kazi ulizofanya katika miaka hiyo, hata zile zisizokuwa na mshahara.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu huandika "mweka hazina wa chama" akaishia hapo. Sasa soma hivi: "Mweka hazina, chama cha wanawake 18. Nilipokea shilingi 500 kwa kila mwanachama kila wiki, nikaandika daftari na kulilinganisha na taarifa ya M-Pesa kila Jumamosi." Anayetafuta keshia ataona shilingi 9,000 zikipita mikononi mwako kila wiki, na daftari linaloafikiana nazo. Neno "mwaminifu" lenyewe halimwambii kitu. Hata mwizi huliandika.

Kurasa zisizidi mbili. Dini, idadi ya watoto na nambari ya kitambulisho ziache nje, maana karatasi hizo hupita mikono mingi. Wadhamini wawili au watatu wasiwe jamaa zako, na uwapigie kwanza. Mdhamini akiulizwa habari zako kisha akajibu "nani huyo?", umekwisha.

Kitambulisho kina jina la mume wangu, cheti cha KCSE, cha kidato cha nne, kina la baba. Nilikataliwa mahali kwa ajili hiyo. (Nyalenda, Kisumu)

Cheti cha KCSE hakibadilishwi kwa sababu umeolewa, kwa hiyo usihangaike nacho. Kinachotakiwa ni karatasi ya kuunganisha majina mawili. Kama mna cheti cha ndoa, toa nakala yake uiambatishe. Kama mlianza tu kuishi pamoja, nenda kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, uape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo ya kiapo itaje kila jina herufi kwa herufi lilivyo kwenye kila karatasi. "Achieng" na "Acieng" ni watu wawili machoni pa karani.

Tangazo linadai cheti cha tabia njema, cha kodi na cha CRB (cha kuonyesha kwamba sina mkopo niliokosa kulipa) kabla hata ya mahojiano. Nitatoa wapi pesa hizo? (Kakamega)

Sheria ya Ajira ilivyorekebishwa mwaka 2022 inamzuia mwajiri kudai vyeti hivyo mpaka awe na nia ya kukupa mkataba. Tuma maombi bila hivyo, ukiandika kwamba utavileta ukipewa kazi. Cha kodi hutolewa bure kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, kwa hiyo usimlipe mtu wa saiba zaidi ya gharama ya kuchapisha.

Cha tabia njema, kinachotolewa na polisi, huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ada yake ni shilingi 1,050. Ukishalipa, chapisha fomu ya alama za vidole, C24, mbele na nyuma ya karatasi moja, kisha uipeleke Huduma Centre. Wengi hurudishwa kwa kuichapisha kwenye karatasi mbili, nauli ikapotea bure.

Na anayekuitisha ada ya usajili au ya sare kwa nambari ya simu ya mtu binafsi kabla hamjaonana, huyo hana kazi ya kukupa.

Nimeshona nguo miaka kumi bila cheti. Nirudi shule? (Mbale, Vihiga)

La. Fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Wana kituo Kisumu. Huanzia Daraja la III, kisha la II na la I, na la III halidai cheti cha shule.

Mteja huitazama nguo kwa nje, lakini mtahini huigeuza ndani. Mafundi wa vibandani huanguka hapo: kingo za kitambaa hazijafungwa, na upana wa mshono ni sentimita moja huku na mbili kule. Jizoeze kuacha sentimita 1.5 kote, na upige pasi kila mshono kabla ya kuuvuka kwa mwingine. Zipu nayo hujikunja kwa sababu kitambaa kilivutwa mashineni. Ishikize kwanza kwa sindano ya mkono, ndipo uishone.

Nina mimba ya miezi mitatu. Niseme kwenye mahojiano? (Bungoma)

Hulazimiki. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubaguliwa kwa ujauzito, na ukishaajiriwa inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, bila kugusa likizo yako ya mwaka. Toa notisi ya maandishi siku saba au zaidi kabla ya kuondoka.

Nimeahidiwa 20,000. Zitafika ngapi? (Kondele, Kisumu)

NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 1,200. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 300. Kodi ya mapato haikugusi, kwa kuwa hujafika 24,000. Utapokea 17,950.

Hesabu hii ifanye kabla ya kukubali, na uweke nauli na malipo ya anayebaki na mtoto ndani yake. Mshahara huja mwisho wa mwezi, lakini matatu hulipwa kila asubuhi na jioni: shilingi 100 kwa siku, siku 26, ni 2,600. Hizo lazima uwe nazo kabla ya siku ya kwanza. Wapo walioacha kazi nzuri wiki ya tatu kwa kukosa nauli tu, ilhali kwa chama wangeweza kukopa mapema.