Ringi za 2003 kwenye Crown Victoria ya zamani: speza ya unene gani?

Mkuu, umeuliza kama ringi za inchi 17 za Crown Victoria (saluni ya Ford) ya 2003 kuja juu zitakaa kwenye ya 1998 hadi 2002, na speza (sahani nene inayowekwa kati ya ringi na habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu) ya unene gani itatosha. Zinakaa. Bolti ni zilezile: 5 kwenye duara la mm 114.3, kipenyo nusu inchi, nyuzi 20 kwa inchi, na tundu la katikati ni kama mm 70.5. Kilichobadilika ni ofseti, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa ringi. Mwaka 2003 Ford walibadili chesisi na mguu wa mbele, na ringi zikaja na uso wa kufungia uliosogea sana upande wa nje. Ukizifunga bila speza kwenye gari la zamani zinazama ndani, na za mbele zinaweza kukwaruza kichwa cha tairodi au boljointi, viungo vya usukani na mguu wa mbele.

Usinunue speza kwa sababu fulani aliweka ya inchi moja na nusu. Pima. Laza ringi uso chini, weka rula iliyonyooka juu ya midomo yake (kingo zinazoshika tairi), kisha shuka na kipimo hadi uso unaokutana na habu. Hicho ndicho kina cha nyuma. Kumbuka upana ulioandikwa kwenye ringi hauhesabu midomo: ringi ya inchi 7.5, nje kwa nje, ni karibu inchi 8.5, yaani mm 216.

Tuseme ringi mpya ina kina cha mm 152, na ya zamani ya inchi 7 (nje kwa nje mm 203) ina mm 114. Kwa ndani mpya imezidi mm 38. Kwa nje ya zamani inatokeza mm 89 na mpya 64, pengo mm 25. Speza ya mm 25 inarudisha mdomo wa nje palepale, ila wa ndani unabaki umeingia mm 13 zaidi. Ya mm 38 inaponya ndani na kusukuma nje mm 13 kuelekea madigadi. Mm 32 inagawa tofauti nusu kwa nusu, na katikati ya tairi panarudi karibu pale pa mwanzo. Hapo ndipo hoja ya "speza zinaua beringi" inapokosa nguvu: beringi inaumia gurudumu likitolewa nje kupita lilivyokuwa, na hapa tunalirudisha tu.

Kwa unene huo chukua speza yenye bolti zake, ya alumini iliyofuliwa (6061-T6 ni sawa), isiwe ya kumiminwa. Sahani tupu ya kuchomeka, isiyo na bolti zake, inapunguza urefu wa nyuzi za bolti unaobaki kwa nati, na nati inahitaji kushika angalau mm 12.7, yaani mizunguko 10 kamili. Tundu la speza likae barabara kwenye habu, na kwa nje iwe na mdomo wa kuishika ringi katikati. Bila mdomo huo unaweza kusikia usukani ukitetemeka ukishika kasi, na hata balansi ya tairi haitauondoa mtetemo huo.

Kabla ya kufunga, ng'oa vile vibati vyembamba vya kiwandani vinavyoshika diski kwenye bolti. Kimoja tu kikibaki, speza inakaa upande, inalegea, na bolti zinakatika. Piga kutu ya habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Grisi kidogo kwenye mdomo wa habu inatosha. Kwenye nyuzi usipake kitu, maana utakaza kupita kiasi bila kujua. Bolti za zamani zisipite uso wa speza, na nati zake zizame ndani. Bolti ikichomoza, hakikisha ringi ina mfuko wa kuipokea nyuma yake.

Kaza speza kwa spana ya kipimo, Nm 135, kwa kuruka mtindo wa nyota. Kisha ringi vivyo hivyo, kwa nati za koni ya digrii 60. Baada ya km 80 hadi 150 vua ringi ukaze tena nati za speza. Wengi wanakaza za nje tu, na za ndani ndizo zinazolegea.

Gari likiwa chini, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, halafu pakia watu nyuma na uangalie tena. Tairi ya 235/55R17 ina kipenyo cha mm 690 dhidi ya 676 ya 225/60R16, kwa hiyo spidomita ikisema 100 unakwenda kama 102. Spea ya zamani ikifungwa juu ya speza itatokeza sana nje, kwa hiyo tafuta ringi ya tano ya aina hiyohiyo mapema.