Hesabu hatua zako kabla ya kupanga shamba

Jioni moja, wiki ya sita tangu tuhamie shambani, nilikaa kizingitini nikashindwa kukunja ngumi. Mshikio wa ndoo ulikuwa umenichora mistari myekundu viganjani na vidole vimevimba. Siku hiyo sikuwa nimelima wala kujenga chochote. Nilikuwa nimenywesha kuku, nimemwagilia bustani, nimeosha vyombo, basi. Nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu.

Tangi letu liko ubavuni mwa nyumba. Bustani ya mboga niliiweka chini kabisa, mita 90 kutoka hapo, kwa sababu siku tuliyofika nilipapenda: tambarare, udongo mweusi, jua la kutosha. Matuta yalikuwa mita za mraba 20. Jua likiwa kali, kila mita ya mraba hutaka karibu lita 5 za maji kwa siku, kwa hiyo nilihitaji lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20. Kwenda na kurudi ni mita 180. Safari 5 ni mita 900. Kiangazi cha siku 100 kinafanya kilomita 90, na nusu ya mwendo huo nimebeba kilo 20. Hapo sijahesabu banda la kuku, ambalo nalo lilikuwa upande mwingine kabisa wa shamba.

Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia apange shamba kwa miguu yake. Andika kila kazi utakayoifanya na mara ngapi kwa siku. Kinachokuhitaji mara mbili kwa siku kiwe karibu na mlango. Kinachokuhitaji mara moja kwa wiki kinaweza kukaa mbali kidogo. Miti ya kuni, ambayo hutaigusa kwa miezi, ndiyo iende mpakani. Sisi tulifanya kinyume, tukalipa kwa migongo yetu.

Bustani niliihamisha. Mimi na mume wangu tulisomba mboji kwa toroli siku mbili nzima, tukatengeneza matuta mapya hatua 8 kutoka mlango wa jikoni. Nilidhani faida itakuwa maji tu, kumbe macho ndiyo yaliyofaidika zaidi. Bustani ya mbali nilikuwa naikagua nikiwa na ndoo mkononi na haraka kichwani. Hii ya karibu naipitia nikisubiri maji yachemke. Wiki ya pili tu, asubuhi, niligeuza jani la mnyanya nikakuta chini yake wadudu mafuta wamejikusanya kama punje za ufuta, na chungu wanapanda na kushuka shinani. Niliwapangusa kwa kidole chenye maji ya sabuni, nikarudia siku tatu, wakaisha. Kule chini wangekuwa wameshakunja majani yote kabla sijawaona.

Matandazo nayo yamenipunguzia ndoo. Nyasi kavu zilizotandazwa unene wa kiganja huzuia jua lisiunguze udongo, magugu yanapungua, na ukichimbua kwa kidole adhuhuri unakuta chini bado kuna ubaridi. Acha tu nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Kama hutafanya lolote jingine niliyoandika hapa, fanya hili.

Kabla ya kujenga kitu cha kudumu, subiri mvua kubwa inyeshe. Inapoanza, vaa koti utoke, usijifungie ndani. Tembea mpakani mpaka mpakani uone maji yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi, yanatuama wapi. Asubuhi yake rudi uone madimbwi gani bado yapo. Mimi nilichomeka vigingi vya miti ardhini kila nilipoona maji, na vigingi vile vimeniambia mengi kuliko ramani yoyote. Palepale nilipotaka kuweka stoo ya nafaka ndipo maji yalipojikusanya hadi kifundo cha mguu.

Maji ya paa usiyaache yaende bure. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa letu lina mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya milimita 25 huleta lita 1,500, na hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, unabaki na lita 1,200. Hizo ni ndoo 60 ambazo hakuna aliyezibeba. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwage, kwa sababu yanasomba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba usiopitisha mbu. Ya kunywa chemsha. Na kama unachimba choo, kiweke mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini ya mteremko.

Sasa kuku. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Tulikuwa na kuku 14, tumewalea tangu vifaranga. Watu wengi wanaohamia shambani wanadhani mayai yanaanza mara moja. Yai lenyewe huatamiwa siku 21, na kifaranga akishatoka utamlisha miezi 5 au 6 kabla hajataga. Mtetea anayetaga hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 14 wanakula zaidi kidogo ya kilo 1 na nusu, kwa hiyo gunia la kilo 50 linaisha kama mwezi tu. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua hata kifaranga kimoja.

Wetu walikuwa wameanza tu kutaga niliponunua mitetea miwili kwa mtu aliyekuwa anapunguza kuku wake. Walikuwa wanang'aa, wazuri. Niliwaingiza bandani jioni ileile. Asubuhi ya siku ya tano nikamkuta mmoja wa wenyeji, mwekundu, yule aliyekuwa wa kwanza kunipokea kila siku, amesimama pembeni mabawa yameshuka, macho kayafumba nusu, kinyesi cha kijani kimegandia manyoya ya nyuma. Kufikia jioni shingo yake ilikuwa imejipinda mpaka kichwa kinatazama juu. Kesho yake walikuwa wanne. Wiki ilipoisha tulibaki na kuku 3. Daktari wa mifugo alipofika alithibitisha kuwa ni mdondo, ugonjwa usio na dawa, wenye chanjo tu, na chanjo yenyewe sisi hatukuwa tumechanja.

Bibi jirani yetu alikuja siku tunafukia wa mwisho. Akasimama kando ya shimo kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wageni uliwalaza wapi?" Nikamwambia, "Bandani, bibi, pamoja na wenzao." Akatikisa kichwa, akanishika bega. Hakunilaumu hata kidogo. Swali lake lilinitosha.

Tangu siku ile kuku mgeni kwetu analala peke yake wiki 3, mbali na banda, na chombo chake mwenyewe cha maji. Tunahudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha tunanawa mikono na kuosha viatu. Chanjo tunatoa kwa tone moja jichoni na tunarudia kila baada ya miezi 3, na tunawachanja wazima tu. Chanjo lazima isafirishwe na kutunzwa kwenye ubaridi. Ikipigwa na jua njiani, umechanja maji. Nenda na chombo chenye barafu hata kama ni mwendo mfupi. Kuku waliokufa tulifukia shimo refu, banda tukalisafisha na kuliacha wazi kwa miezi kabla ya kuleta wengine.

Banda jipya liko hatua 25 kutoka chumbani, upande ambao upepo hauleti harufu ndani. Ni karibu vya kutosha kusikia kelele usiku. Jambo moja la ujenzi: ule wavu mwepesi wa kuku unazuia kuku wasitoke, lakini mnyama mwenye njaa anauchana. Sehemu ya chini weka waya mgumu wenye matundu madogo, na uuzike ardhini kiasi cha sentimita 30 ili wanaofukua wakwame.

Mifugo ndiyo inayotawala saa zako, na hili watu hawaambiwi mapema. Banda linafunguliwa alfajiri na linafungwa jua linapozama, uwe na homa, uwe na msiba, uwe na mgeni. Jioni moja niliyochelewa kufunga, mtetea mmoja alichukuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuleta mnyama yeyote jiulize: nikisafiri siku tatu, nani atashika? Kama huna jina la mtu, bado hujawa tayari. Sisi na familia ya jirani tunabadilishana. Wakisafiri, nawafungia; tukisafiri, wanatufungia. Nimewaandikia kwenye kipande cha karatasi kilichopigiliwa ndani ya mlango wa banda: chakula kiasi gani, maji yanajazwa wapi, kuku wangapi wa kuhesabu kabla ya kufunga. Kuhesabu ni muhimu. Mlango uliofungwa huku kuku mmoja yuko nje haujamlinda huyo mmoja.

Na ujirani huo haukuanza kwa kuomba. Tulianza kwa kuazima toroli, tukalirudisha limeoshwa na gurudumu limejazwa upepo. Panga la mtu lirudishe limenolewa. Ukienda kwa jirani mwenye miaka mingi kwenye ardhi ile, muulize maswali na umsikilize mpaka mwisho: upepo mkali unatoka upande gani, mvua ikichelewa huwa anafanya nini, nani aliwahi kulima kipande chako na alipanda nini. Mimi niliona haya kuuliza kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo ndipo nilipokosea karibu yote niliyoyasimulia hapa.

Samadi mbichi usiitie kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Inaweza kubeba vijidudu, na ikiwa mbichi sana inaunguza mizizi. Kama ni lazima, itie udongoni angalau miezi 4 kabla ya kuvuna. Bora iwe mboji iliyoiva: majani makavu mafungu matatu, mabichi na samadi fungu moja, unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukiingiza mkono ndani baada ya siku chache unakuta moto kweli, mkono hautaki kukaa. Ikiwa baridi na inanuka, imezidi maji au mabichi. Ongeza makavu na uigeuze.

Kuhusu mwili wako, vaa buti, na kabla ya kuzivaa zigeuze uzikung'ute kila asubuhi. Usiku usitoke bila tochi hata kama ni hatua kumi. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, maana msumari wenye udongo utakuchoma tu siku moja. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mvueni pete na vitu vinavyobana, atulie, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Jueni tangu wiki ya kwanza ni hospitali ipi na usafiri wa usiku mtaupata kwa nani. Namba hiyo tumeiandika ukutani kwa kalamu nene, kwa sababu simu huisha chaji.

Pesa nitasema kwa kifupi: usiache kazi inayokulisha kwa kutegemea shamba la mwaka wa kwanza. Mwaka huo shamba linakula kuliko linavyotoa, na huwezi kuamua vizuri ukiwa na hofu ya kesho. Mimi naendelea na kazi za kuandika asubuhi, baada ya kufungulia kuku na kabla jua halijawa kali. Mume wangu hufanya kazi ya mshahara siku 3 kwa wiki. Tumelima robo tu ya ardhi yetu. Robo tatu zilizobaki ni nyasi, na sioni haya tena mgeni akiuliza kwa nini.

Kuna jioni nimechoka mpaka nakula nimefumba macho. Kuna asubuhi pia natoka na kikombe cha chai, umande unalowesha pindo la kanga, natembea zile hatua 8, nachuma mboga ya mchana kabla watoto hawajaamka. Nilikuwa nimeitamani asubuhi hiyo kwa miaka, na nisingeipata kama bustani ingebaki kule chini.

Tunataka mbuzi sasa. Vigingi vinne vya banda lao vimeshasimama, nimevihamisha mara mbili. Mara ya kwanza vilikuwa mbali na maji, mara ya pili vilikuwa kwenye njia ya mvua. Pale vilipo leo ni hatua 40 kutoka tangini, juu kidogo ya mteremko. Nasubiri mvua moja kubwa zaidi kabla sijachimba mashimo ya nguzo.