Uliza Fundi: Rimu kubwa, ubavu mwembamba na mawe ya Kibosho

SWALI: Nina RAV4 ya mwaka 2009, matairi yake ni 225/65R17 na yote manne yamekwisha. Muuza rimu ananishauri nihamie inchi 20, nivae 245/45R20, eti gari litapendeza na kuinuka. Kila siku napeleka watoto shule, na kila mwezi tunapanda Kibosho kwa wazazi. Nichukue?
*Msomaji, Ngaramtoni, Arusha*

JIBU: Usichukue, ndugu yetu. Kupendeza litapendeza, ila kuinuka haliinuki. Piga hesabu mwenyewe kabla hujatoa hela.

Hiyo 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana: milimita 146. 17 ni inchi za rimu, na kila inchi ni milimita 25.4. Chukua ubavu mara mbili, jumlisha rimu, tairi zima linasimama milimita 724. Fanya hivyo hivyo kwa 245/45R20, utapata 728 na nusu. Gari hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 2, unene wa njiti ya kiberiti.

Ulichopoteza ndicho kikubwa. Ubavu umeshuka kutoka milimita 146 hadi 110, na ubavu ndio unaokaa kati ya jiwe na rimu. Ukiingia kwenye shimo lenye ncha, jiwe linalibana tairi dhidi ya mdomo wa rimu na nyuzi za ndani zinakatika. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya siku chache unakuta uvimbe kama ndimu ubavuni. Uvimbe huo hauzibwi wala hauchomwi, tairi linatupwa hata kama kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, bado mpya. Rimu nayo ikipinda mdomo, upepo unavuja taratibu kila usiku.

Baki na 225/65R17. Ukitaka kuinuka kidogo, 235/65R17 inasimama 737, gari linapanda milimita 6 na nusu na spidi ya dashibodi inakosea chini ya asilimia 2. Usiende 225/70R17. Hiyo inafika 747, zaidi ya asilimia 3, na gari likijaa watu huku usukani umekatwa hadi mwisho, tairi linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madgadi.

Kwa njia zako sisi tungeangalia hata kushuka inchi. RAV4 za umri huo ziliuzwa pia na rimu za 16, zikivaa 215/70R16. Ukipata rimu hizo na kuvisha 225/70R16, kimo ni 721, karibu sawa na ulichonacho, na ubavu unafika 157. Jaribu rimu moja mbele kwanza: funga nati, zungusha kwa mkono, sikiliza kama inagusa kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki.

Halafu soma namba inayofuata saizi, kwa mfano 102H. 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850, H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usinunue pungufu ya iliyoandikwa kwa gari lako. Kuna 245/45R20 zenye 99, yaani kilo 775. Desemba, gari likipanda Kibosho na watu watano, mabegi na mchele wa sikukuu, hizo kilo 75 kila tairi utazihitaji.

SWALI: Subaru Forester yangu ya 2010, otomatiki, inavaa 215/65R16. Mbele ni vipara, nyuma kashata zimebaki milimita 4. Naomba kujua kama naweza kununua mawili tu sasa, mengine baada ya ada za shule.
*Mama wa watatu, Rau, Moshi*

JIBU: Mama, tunaelewa ada ya shule haisubiri, lakini kwa gari hili mawili yatakugharimu kuliko manne. Forester inasukuma kwa miguu yote minne muda wote. Tairi jipya lina kashata ya milimita 8 hivi, lako la nyuma 4. Lililolika ni dogo, kwa hiyo linazunguka mizunguko 5 na nusu zaidi kila kilomita. Kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 80, ni zaidi ya mizunguko 400 ambayo lazima imezwe na sahani za klachi zilizo nyuma ya gia boksi. Zinasuguana, oili inachemka, zinaungua. Dalili ya kwanza utaiona ukiegesha: ukikata kona kali polepole, gari linang'ang'ania kama breki ya mkono imeshika.

Subaru wenyewe wanataka mizingo ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6.4. Kwenye kashata hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu. Nunua manne ya aina moja. Kama bajeti imegoma kabisa, tafuta mawili yaliyotumika, saizi, aina na kashata sawa na ya nyuma, yapimwe mbele yako kwa kipimo, siyo kwa macho. Baada ya hapo yabadilishane mbele na nyuma kila kilomita 8,000. Ya mbele yasingeachwa pale pale, yasingewahi hivyo kuisha.

SWALI: Matairi ya mtumba ya Japani yana kashata nene na bei nafuu. Yana shida gani?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Mengine hayana, lakini mengi ni ya theluji. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au tazama kashata: zimechanjwa vipasuo vingi vyembamba vya mawimbi, kama vya wembe. Mpira wake umetengenezwa kubaki laini kwenye baridi kali, kwa hiyo kwenye lami ya moto ya Moshi unalegea, breki inachukua umbali mrefu na kashata hiyo nene inaisha upesi.

Umri unausoma baada ya herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho: 3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017. Likishapita miaka 6 liache, hata kama linang'aa. Kung'aa ni dawa ya kupaka. Pinda kashata kwa vidole, angalia nyufa chini kabisa ya mifereji. Kisha fundi alivue kwenye rimu na kumulika ndani. Kiraka katikati kinavumilika, kiraka ubavuni hapana.

SWALI: Rimu za Nissan X-Trail zinaingia kwenye Toyota RAV4?
*Msomaji, Himo*

JIBU: Zinaingia, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Zote zina matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3. Ila tundu la katikati la Nissan ni 66.1, habu ya Toyota, kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 60.1. Rimu inabaki inaning'inia kwenye nati, ukifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka, na balansi haitibu. Weka ringi za kujaza hiyo nafasi. Nati tumia za Toyota, maana nafasi kati ya nyuzi zake ni milimita 1.5 na za Nissan ni 1.25. Nati sahihi huingia kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikigoma mapema, usiite spana. Kaza kwa kupishana, nati moja kisha ya upande wa pili, hadi nguvu ya nyutoni mita 103, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 kaza tena.