Kabla daktari hajaandika "apewe kiti mwendo"

Nikiwa mwaka wa pili wa kusomea ubingwa wa mifupa, niliandika maneno matatu kwenye faili la kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, "apewe kiti mwendo", kisha nikaendelea na raundi. Baada ya miezi mitatu alirudi na kidonda cha kukalia kilichokuwa kimefika kwenye mfupa. Kiti alichopewa kilikuwa kipana kuliko nyonga zake, hivyo alikuwa akikaa ameegemea upande mmoja, tena bila mto, juu ya kitambaa kilicholegea. Sahihi iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa yangu.

Kwa sababu hiyo, ninawashauri wenzangu tunaowasimamia madaktari wanaosomea ubingwa waanze na futi kamba, mihadhara ifuate. Mgonjwa aketi wima, na daktari mwenyewe apime upana wa nyonga, kisha kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, kisha kutoka hapo hadi kisigino. Mgonjwa akishakaa juu ya mto, daktari apenyeze vidole kati ya mto na mfupa wa kukalia: ncha za vidole zikicheza juu na chini angalau milimita 5, mto unafaa, zisipocheza lakini zikatoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari, zikibanwa, mto huo haufai. Kipimo hiki, kilichomo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, hakihitaji umeme wala fedha, nami sikuwahi kukisikia hadi nilipomaliza masomo.

Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2008 uligawa huduma ya kiti mwendo katika hatua nane, na agizo ni hatua ya tatu tu; baada yake kuna kumkalisha mgonjwa na kurekebisha kiti, kumfundisha kukitumia, matengenezo na ufuatiliaji, mambo ambayo daktari huyaona akipelekwa tu.

Wapelekwe pia karakana ya viungo bandia. Wanaosoma Moshi wana TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC. Wengine watafute karakana iliyo karibu, wakae nusu siku wakimtazama fundi akifunga plasta kwenye kigutu. Daktari akishaona soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayoshika kigutu, ikimuumiza mgonjwa kwa sababu ncha ya mbele ya mfupa wa muundi haikuchongwa vizuri, na pengine aliyekata ni yeye, siku inayofuata huingia chumba cha upasuaji na mkono mwangalifu zaidi.

Ikiwezekana, wafike hata nyumbani kwa mgonjwa mmoja, waone upana wa mlango na njia ya kwenda chooni.

Kwa upande wangu, sitii tena sahihi kwenye ombi la kiti lisilo na vipimo vitatu, aina ya mto, na tarehe ya mgonjwa kurudi.